Bondi taka za Marekani kupitia ETF: gawio laingia kila mwezi, mbona bei yazidi kuteremka?

#1 BahariaWaTudor

Salaam jamani. Mimi ni baharia wa meli za mizigo, miezi minane majini, mitatu nyumbani, na mshahara wangu ni wa dola. Septemba 2021 nilikuwa na dola elfu kumi zimelala benki kama paka wa Marikiti. Mfilipino mmoja, fundi wa injini, akanifungulia simu yake akanionyesha HYG, ule mfuko wa kampuni ya iShares unaokusanya bondi, yaani hati za madeni, za kampuni za Marekani zenye daraja la chini la kuaminika kulipa, zile ziitwazo bondi taka. Ni ETF, yaani wanunua kipande cha mfuko sokoni kama unavyonunua hisa yoyote, na ndani yake mna bondi zaidi ya elfu moja. Gawio kila mwezi. Nikanunua vipande 115 kwa dola 87 na senti.

Gawio limekuja kweli, halijakosa hata mwezi mmoja. Mwanzo lilikuwa kama dola 26 baada ya makato, siku hizi limepita 30. Lakini bei! Yazunguka 80. Juzi nikachapisha taarifa ya akaunti pale kibandani karibu na posta ya Digo Road, nikampelekea baba mkwe barazani aone mkwewe alivyo mjuzi. Mzee akavaa miwani, akaisoma juu hadi chini, akatua kikombe cha kahawa juu yake na kusema: "Kwa hivyo wakunywesha maji ya mtungi wako mwenyewe."

Nikaenda kutazama nyuma zaidi. Mfuko ulianza Aprili 2007 na bei ilikuwa juu ya dola 100. Leo ni 80. Swali langu ni moja tu: hizo dola ishirini na kitu zimekwenda wapi? Nani kazila?

#2 Viazi_Karai

Baba mkwe apewe shahada ya uchumi leo leo. Navuta kiti.

#3 HesabuHaziongopi

Hakuna aliyezila. Ni riba tu. Bondi inayolipa asilimia 5 kwa mwaka ni tamu wakati bondi mpya zinalipa 4, na ni chungu wakati mpya zinalipa 8. Nani atakununulia ya 5 kwa bei kamili? Mwaka 2022 Benki Kuu ya Marekani ilianza na riba iliyokaribia sufuri na kumaliza mwaka ikiwa juu ya asilimia 4. HYG mwaka huo ilipoteza karibu asilimia 11 hata ukihesabu na gawio. Wewe ulinunua miezi michache kabla ya gharika. Bahati mbaya, basi.

#4 Karani_Mstaafu

Bwana Hesabu, umejibu swali ambalo hukuulizwa. Baharia ana maswali mawili na umeyachanganya kama wali na pilau. La kwanza ni 87 kushuka hadi 80. Hapo nakubaliana nawe, ni riba ya 2022. La pili ni 100 na kitu ya mwaka 2007 kushuka hadi 80. Hilo riba hailielezi. Aprili 2007 bondi ya serikali ya Marekani ya miaka 10 ilikuwa ikitoa karibu 4.7. Miaka ya 2024 na 2025 imezunguka 4 na kitu. Yaani riba ilikwenda matembezi ikarudi pale pale, lakini bei ya mfuko haikurudi nayo. Kwa nini?

Mimi nilikuwa karani wa duka la jumla kabla ya kustaafu, ntaeleza kwa lugha ya dukani. Wateja mia wachukua bidhaa kwa mkopo na kila mmoja akulipa faida kila mwezi. Kila mwaka wanne hivi wahama usiku. Ukiwafuata wapata godoro na redio, labda senti 40 kwa kila shilingi waliyokuwa wakidaiwa. Sasa wewe faida yote uliyokusanya kwa wale wengine wairudisha nyumbani, watoto wala. Hasara ya waliohama huitoi kwenye faida, yakata stoki. Baada ya miaka kumi na minane, rafu zina nafasi. Hivyo ndivyo mfuko ulivyo. Riba ya bondi yapita moja kwa moja kuwa gawio, hasara ya waliofilisika yabaki kwenye bei. Wastani wa miaka mingi wa kampuni za daraja hilo kushindwa kulipa ni kama 4 kwa 100 kwa mwaka, na kinachookolewa ni kama senti 40 kwa dola. Mwaka 2009 walioshindwa walipita 10 kwa 100.

Kwa hivyo baba mkwe kapatia nusu. Mtungi ni wako, lakini si maji yote.

#5 DadaWaKongowea

Karani umenichekesha na godoro. Mimi nauza vitunguu kwa jumla na huyo wa kuhama usiku namjua kwa jina. Kweli kabisa, mtu huhesabu faida ya mwezi akasahau waliohama, hadi siku anataka kununua gunia mia akute hela zatosha themanini.

#6 HesabuHaziongopi

Karani nakubali nilichanganya. Ila hesabu yako nayo ina tundu. Wanne wanashindwa, unapoteza senti 60 kwa kila dola yao, hiyo ni 2.4 kwa mwaka. Ukipiga 2.4 kwa miaka 18, bei ingekuwa chini ya 70. Iko 80. Kushuka kwake ni kama moja na nusu tu kwa mwaka. Kuna mtu anarudisha stoki rafuni usiku, ni nani?

#7 Karani_Mstaafu

Labda mfuko haukopeshi wale wabaya kabisa. Walio wengi mle ni daraja la BB, ngazi ya juu ya taka, hao hawahami sana. Na nyakati za hofu mfuko hununua bondi ya dola 100 kwa 85, ikiiva hulipwa 100. Hiyo yarudisha kidogo. Lakini sidai ndiyo yote.

#8 MwanaBondeni

Nyote mwahangaika bure na HYG. Angalieni JNK, mfuko wa kampuni ya State Street, ndugu yake. Ada yake ni asilimia 0.40 kwa mwaka na HYG yakata 0.49. Na bei yake mwaka 2019 ilikuwa 36, leo iko juu ya 90. Imepanda mara mbili na nusu, wallahi! Na kazi ni ile ile.

#9 AliyekaaNairobi

Mwana, polepole. JNK haikupanda. Mei 2019 waliunganisha vipande vitatu kuwa kimoja. Mwenye vipande 300 vya dola 36 aliamka na vipande 100 vya dola 108. Yaani kutoka 108 imeshuka hadi 90 na kitu. Ugonjwa ni ule ule wa HYG.

#10 Viazi_Karai

MwanaBondeni umechukua noti ya elfu ukasema umekuwa tajiri kuliko mwenye mia kumi 😂

#11 MwanaBondeni

Haya nimekoma. Ila ada bado ni ndogo.

#12 AliyekaaNairobi

Kuhusu ada uko sawa, na kuna mingine imeshuka hadi chini ya 0.10. Lakini ada haielezi dola ishirini. Ada hutoka kwenye mapato kabla ya gawio, hupunguza gawio zaidi kuliko bei.

Mimi niliwahi kufanya kazi ofisi ya dalali wa hisa, naomba niongeze sababu nyingine mbili ambazo hamjazigusa.

Ya kwanza, kampuni za daraja hili karibu zote zina haki ya kulipa deni mapema. Ikiwa ilikopa kwa 9 na sasa inaweza kukopa kwa 6, inakulipa chako na kidogo juu, kwaheri. Kwa hivyo bondi nzuri haipandi sana, imefungwa kamba mguuni. Bondi mbaya lakini huanguka bila kamba. Ukiwa na elfu za namna hii, juu una dari na chini huna sakafu.

Ya pili, kuna miaka mfuko ulinunua bondi kwa 105 kwa sababu riba yake ilikuwa nono. Riba nono ikagawiwa yote kwa wenye vipande. Bondi ilipoiva ikalipa 100. Zile 5 hazikupotea, mlizila nyinyi wenyewe mkidhani ni mapato. Hapo baba mkwe kapatia yote, si nusu.

#13 BahariaWaTudor

Aliyekaa, huyu mzee nikimwonyesha hii hatanipa amani hadi nipande meli. Nashukuru lakini. Kwa hivyo tuna sababu nne sasa: riba, waliofilisika, dari bila sakafu, na kula 105. Ipi ndiyo kubwa?

#14 HesabuHaziongopi

Waliofilisika.

#15 AliyekaaNairobi

Dari bila sakafu. Waliofilisika wangekuwa wamefidiwa na wale wanaopanda, lakini wanaopanda hawaruhusiwi kupanda.

#16 SimbaWaTanga

Wakuu habari za huko. Nipo Tanga nawasoma tangu asubuhi. Kwanza sisi tunaita hatifungani, "bondi" inanikumbusha kuweka simu rehani. Pili, kuna sababu ya tano. Huo mfuko unafuata orodha. Kampuni ikipona na kupandishwa daraja, inatolewa kwenye orodha na mfuko lazima uuze. Ford walishushwa Machi 2020, wakaingia kwenye taka, S&P, wale wanaopima daraja la wakopaji, wakawarudisha daraja la heshima Oktoba 2023. Anayepona anatoka wodini, kitanda anapewa mgonjwa mpya. Sasa wodi itapendezaje?

#17 Karani_Mstaafu

Simba, huo mfano wa wodi nauiba. Lakini kwa Ford wakupinga. Aliposhushwa bei yake ilianguka ndipo mfuko ukamnunua, akapona ndipo ukamuuza. Hapo mfuko umefaidi. Wenyewe wawaita malaika walioanguka na kuna watu huwanunua hao tu.

Halafu "bondi" ni Kiswahili chetu cha Kenya, usitupande kichwani.

#18 SimbaWaTanga

Sawa mkuu, sigombani na wenye feri.

#19 KijanaWaMajengo

Asalaam aleikum. Naona mmefika mbali, nirudi nyuma kidogo. Mimi simhukumu mtu, ila mtu wa Mombasa aulizaye bondi bila kuuliza riba kasahau nusu ya mji. Mkopo wenye riba ukiutia kikapuni pamoja na elfu moja wenziwe haubadiliki jina. Hata dalali awe na kompyuta nzuri. Kuna sukuk. Kenya ilitoa ya kwanza 2023, Linzi, shilingi bilioni 3, za nyumba. Pale mwenye hati anapata sehemu ya kodi ya jengo, si riba ya deni, na walikadiria mapato ya asilimia 11.13.

#20 BahariaWaTudor

Waaleikum salaam. Hili nyumbani limezungumzwa, ndugu yangu, na si mara moja. Nimelisikia na nalifikiria. Kwenye uzi huu naomba tubaki kwenye hesabu.

#21 KijanaWaMajengo

Sawa. Nimesema langu.

#22 DadaWaKongowea

Kijana, mimi hiyo Linzi niliisikia imeshafungwa. Ikija nyingine tafadhali uje hapa useme kabla, si baada.

#23 PesaHaraka_254

Habari wapendwa, kwa nini kuhangaika na asilimia 6 kwa MWAKA wakati kuna mfumo wa dola unaolipa 10 kwa MWEZI? Nimewasaidia wengi Mombasa na Kilifi. Nitumie ujumbe wa siri...

#24 Viazi_Karai

Huyu hapa, aliyehama usiku na godoro la Karani.

#25 Msimamizi

Nambari 23 amefungiwa. Ujumbe umeachwa ili watu wajue sura yake. Endeleeni.

#26 MamaChama_Likoni

Mwasema taka za Marekani mkadhani za kwetu ni pilau. Sisi chama chetu, wanawake kumi na wawili, tuliwahi kununua karatasi za deni za kampuni moja ya hapa nchini, sitaitaja. Riba ilikuja kwa wakati miaka mitatu na nusu. Mwekahazina wetu alikuwa akitutumia ujumbe saa moja asubuhi, "imeingia", na sote twajibu kwa vidole gumba. Asubuhi moja ujumbe haukuja. Tukadhani mtandao. Tukampigia, akasema naye anangoja. Mimi nakumbuka nilikuwa kwenye feri, katikati ya maji, nikawa naangalia simu mpaka tukafika upande wa pili na watu wakanisukuma nishuke. Hadi leo twangoja. Barua tulizoandika zimejaa faili moja la kijani.

Kwa hivyo mtu akiniambia ana bondi elfu moja kwenye mfuko mmoja, mimi simcheki. Sisi tulikuwa na moja.

#27 Karani_Mstaafu

Pole sana mama. Na hamkuwa peke yenu nchini. Imperial Bank ilifungwa tarehe 13 Oktoba 2015 ikiwa na bondi ya bilioni 2 ambayo watu walikuwa wameshailipia. Chase Bank ikafuata Aprili 2016 na yake ya bilioni 4.8. Tangu hapo ukimtajia mtu bondi ya kampuni hapa kwetu huangalia saa. Wapo walioondoka salama, ile ya kijani ya Acorn ya 2019 kwa asilimia 12.25 ilikwenda vizuri. Lakini huwezi kupata mfuko wa ETF wa bondi za kampuni za Kenya, kampuni zenyewe zinazotoa bondi wazihesabu kwa vidole.

#28 HesabuHaziongopi

Mama wa Likoni ametoa hoja nzito kuliko zetu zote. Bondi moja: unapata yote au unakosa yote. Bondi elfu: unakosa kidogo kila mwaka, hakika, lakini hukosi zote. Zile dola ishirini za Baharia ni bei ya kutokaa katikati ya feri ukiangalia simu.

#29 AliyekaaNairobi

Maneno mazuri lakini usimpumbaze mtu. Bondi elfu nazo huanguka pamoja. Machi 2020 HYG ilishuka zaidi ya asilimia 20 kwa wiki nne tano. Kampuni elfu, sekta zote, siku zile zile. Na bei ya mfuko sokoni ilikuwa chini ya thamani ya bondi zilizomo ndani yake. Mtu anauza kikapu cha maembe kwa bei ndogo kuliko jumla ya maembe!

#30 MwanaBondeni

Hapo sijaelewa. Si angenunua kikapu mtu akauze maembe?

#31 AliyekaaNairobi

Ndivyo inavyotakiwa, na kuna madalali wakubwa kazi yao ni hiyo, kubadilisha kikapu kwa maembe na maembe kwa kikapu. Ndiyo sababu siku za kawaida bei mbili zinakaribiana. Lakini siku zile hakuna aliyetaka maembe. Wengine husema bei ya kikapu ndiyo iliyokuwa ya kweli, na ile ya maembe ilikuwa ya juzi kwa vile hakuna aliyeuza embe hata moja. Wengine husema kikapu kilikuwa na hofu tu. Tarehe 23 Machi Benki Kuu ya Marekani ikatangaza itanunua bondi za kampuni, tarehe 9 Aprili ikaongeza kuwa hata mifuko ya taka imo. Bei ikaruka kabla haijanunua hata moja. Kununua kwenyewe kulianza Mei.

#32 Karani_Mstaafu

Na kabla ya hapo, Desemba 2015, kulikuwa na mfuko wa Third Avenue kule Marekani, wa taka pia lakini si ETF, ulifunga mlango kabisa. Wenye pesa wakaambiwa ngojeni. ETF hata siku mbaya wapata mnunuzi, ila kwa bei yake. Kipi bora, kuuza kwa hasara au kufungiwa mlango? Mimi nachagua hasara. Mama wa Likoni sijui.

#33 MamaChama_Likoni

Hasara. Hata kwa nusu tungeuza.

#34 SimbaWaTanga

Huku kwetu UTT, wasimamizi wa mifuko ya uwekezaji, wana mfuko wa hatifungani, si ETF, na sehemu kubwa ni za serikali. Watu wamelala usingizi. Kwa nini nyie mwende hadi Marekani?

#35 Omari_wa_Changamwe

Swali zuri la Simba, na mimi ndilo nililokuwa nikingoja mtu aulize. Februari 2024 serikali yetu iliuza bondi ya miundombinu ya miaka minane na nusu kwa asilimia 18.46, haina kodi. DOLA ILIKUWA 160 JANUARI ILE. Mwenye dola elfu kumi angezibadilisha apate milioni 1.6, akanunua, akawa anapata karibu 295,000 kila mwaka. Na kufikia katikati ya 2024 dola ikawa 129 au 130. Aliyebaki na dola zake elfu kumi sasa zina milioni 1.29. Amepoteza zaidi ya laki tatu kwa kukaa kitako, kabla hujahesabu hiyo HYG imeshuka.

#36 BahariaWaTudor

Omari usinitoneshe kidonda. Januari 2024 nilikuwa baharini, mtandao wenyewe wa kuvizia.

#37 HesabuHaziongopi

Omari umechagua siku nzuri kama mtu anayesimulia samaki. Chukua 2007: dola ilikuwa chini ya shilingi 70. Leo 129. Mtu wa dola amepata karibu mara mbili kwa sarafu tu. Na ile 18.46 si ya kila siku, ilitoka wakati nchi ina wasiwasi wa kulipa ule mkopo wa dola bilioni 2 wa 2014 uliokuwa ukiiva Juni 2024. Mwezi ule ule wa Februari tulikopa dola bilioni 1.5 nje kwa mavuno ya juu ya asilimia 10. Fikiri hapo. Kampuni taka za Marekani zilikuwa zikikopa kwa dola kwa 7 au 8, nasi kwa 10.

#38 Viazi_Karai

Yaani taka watuonea huruma sisi?

#39 Karani_Mstaafu

Ndivyo. Julai 2024 Moody's, wapimaji wengine wa daraja, walitushusha hadi Caa1, ngazi ya chini ya taka. Kampuni nyingi ndani ya HYG ziko ngazi kadhaa juu yetu. Kwa hivyo mtu wa hapa akisema "mimi sigusi taka, nanunua bondi ya serikali yangu", na asome tena. Ingawa tofauti ni hii: serikali yaweza kuchapa shilingi, haiwezi kuchapa dola. Bondi ya shilingi na ya dola si mkopo mmoja.

#40 Omari_wa_Changamwe

Mimi sikusoma hayo yote. Nilinunua kwa DhowCSD, ile programu ya Benki Kuu ya kununulia bondi za serikali, simu tu, na hela yaingia kila miezi sita. Ada za shule ni za shilingi.

#41 AliyekaaNairobi

Na hapo ndipo swali la Baharia lilipokuwa tangu mwanzo ila hatukuliona: ada za watoto wako ni shilingi au dola?

#42 BahariaWaTudor

Shilingi zote. Ila mwenyewe nalipwa dola, na nikistaafu sijui nitakuwa wapi.

Nimepiga hesabu nyingine. Dola elfu kumi kwa asilimia 6 ni 600. Marekani wakata 30 kwa mia, nabaki na 420. Kwa hivyo mwenye kula dola zangu wa kwanza si mfilisika wala dari, ni mtoza kodi!

#43 DadaWaKongowea

😂😂 Baba mkwe hakumwona huyo.

#44 AliyekaaNairobi

Hapa kuna kitu unapaswa kujua, Baharia. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, ndiyo maana 30 kamili. Lakini gawio la mfuko wa bondi ni riba iliyovaa kanzu ya gawio, na sheria yao inaruhusu sehemu inayotokana na riba ya kampuni za Marekani isikatwe kodi kwa mgeni. Mifuko hutangaza ni sehemu gani. Madalali wengine hukata yote kwanza kisha hurudisha mwaka unaofuata, wengine hawajishughulishi. Muulize wako kwa maandishi. Angalia pia W-8BEN yako, ile fomu ya mgeni kujitambulisha kwa kodi ya Marekani, huisha mwisho wa mwaka wa tatu baada ya ule uliotia sahihi. Yako ya 2021 ilihitaji kufanywa upya.

Na jingine ambalo watu hawapendi kulisikia. Mgeni akifa na mali iliyoko Marekani inayozidi dola 60,000, kuna kodi ya mirathi inayofika asilimia 40. Hujafika huko. Ila mabaharia wengi hujaza akaunti miaka ishirini. Mifuko ya aina hii iliyosajiliwa Ireland na kuuzwa soko la London haina hilo.

#45 MwanaBondeni

Kwa hivyo afe akiwa na 59,999.

#46 KijanaWaMajengo

Astaghfirullah, mtu hajapanda hata meli.

#47 HesabuHaziongopi

Nimerudi kwenye ile 2.4 yangu, hainipi usingizi. Nadhani Karani amepatia kuhusu daraja la BB, lakini bado haifiki. Ukitumia 3 kwa 100 badala ya 4 unapata 1.8. Bado ni zaidi ya moja na nusu. Halafu ukiongeza zile 105 za Aliyekaa, pengo linakuwa kubwa zaidi, si dogo. Kwa hivyo kuna anayerudisha stoki na bado hatumjui vizuri.

#48 AliyekaaNairobi

Au waliofilisika hawafilisiki ndani ya mfuko. Deni likibaki mwaka mmoja kuiva, orodha hulitoa. Kampuni ikifa ndani ya mwaka huo wa mwisho, mfuko haupo mazishini.

#49 Karani_Mstaafu

Lakini huo upenyo wafanya kazi pande zote mbili. Mfuko wauza bondi ikiwa 99 nayo ingelipwa 100. Ile dola ya mwisho mara nyingi huuponyoka mfuko.

#50 HesabuHaziongopi

Haya. Kesho nachora jedwali.

#51 BahariaWaTudor

Jamani shukrani. Alhamisi naondoka. Nilichapisha uzi huu hadi nambari 44, pale pale Digo Road, kurasa tisa. Baba mkwe kazisoma barazani moja baada ya nyingine, kikombe mara hii kakiweka chini. Alipomaliza hakuuliza riba wala dari. Akauliza: "Katika hao elfu moja, hebu nisomee jina moja ninalolijua."

Nikafungua orodha niliyokuwa nimeihifadhi kwenye simu tangu nilipoanza, nikasoma, nikasoma, hadi nikafika Carnival. Akanisimamisha. "Hao wenye meli za watalii? Waliofunga kila kitu wakati wa korona?" Nikamwambia ndio hao, ndipo walipoangukia kwenye taka, 2020. "Na walilipa?" Nikamwambia walilipa, na Aprili ile walikuwa tayari kukopa kwa 11.5.

Akanyamaza sana. Kisha: "Kwa hivyo wewe wabeba simiti na klinka miezi minane, halafu hela yako wawakopesha wenye meli zenye bwawa la kuogelea."

Nikasema ndiyo, mzee.

"Basi hiyo taka usiiuze kwanza. Ila hiyo fomu ya kodi jaza leo."

#52 Viazi_Karai

Jedwali la Hesabu likija mpelekeeni yeye kwanza.